Karanga za Mwezi wa Sita

Ipo siku moja ya mwezi wa kwanza, mwanangu unayesoma haya, ambayo mpaka leo ikinirudia ninaacha kazi niliyonayo mkononi na kukaa chini. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Nilishuka kwenye kamyo ya mizigo pale Mitwaba, matope hadi magotini, viatu nimevishika mkononi, nikaenda kwa mama yangu bila kumpelekea habari. Majani ya uwanjani yalikuwa yamefika dirishani. Nikadhani nimekosea nyumba. Nikarudi njiani, nikahesabu nyumba upya. Nyumba ilikuwa yenyewe.

Nikueleze vizuri. Nilipoolewa nililetwa huku Lubumbashi, Kampemba, na tangu hapo nilikuwa nikienda kumwona mama mara moja kwa mwaka, mwezi wa sita. Sikuuchagua kwa ubaya. Mwezi wa sita barabara imekauka, kamyo inafika kwa siku mbili, na samaki wakavu niliokuwa nikiuza sokoni hawanunuliwi sana. Miaka sita nilikwenda hivyo, na kila mara nilimkuta mama vilevile: uwanja umefagiliwa, nyasi za paa mpya, mahindi tele ghalani, mashavu yamejaa, mdomo haufungi. Ananichinjia kuku. Siku ya kuondoka ananifungia gunia la karanga, zile nyekundu ndogo za kwetu, nami nikifika Kampemba ninawagawia majirani nikijisifu: oneni, mama yangu bado ana nguvu, oneni anavyolima. Nyingine zilikuwa zinaota ukungu chini ya gunia, nazitupa.

Nilijisifu kweli, sikufichi. Mimi ni mtu wa majivuno, hata wajukuu wangu wanajua.

Kaka yangu mkubwa, Monga, alikaa Likasi. Mwaka mmoja alikuja na wazo: tumtume mtoto wa dada yetu, msichana aliyekwisha kukomaa, akaishi na mama. Alisema mama anazeeka, na yuko peke yake kule, na yeye Monga moyo wake hautulii. Nikamjibu mbele ya mke wake, nikimwita yaya, yaani mkubwa wangu.

"Yaya, weye ulienda kule lini? Miye njo minaendaka. Minamuona na macho yangu kila mwaka. Mama iko muzuri kuliko weye."

Mke wake akacheka. Kaka akaliacha wazo lake, kwa sababu ni kweli, kati yetu watoto wote ni mimi peke yangu niliyekuwa nikienda. Neno langu likawa la mwisho. Yule msichana hakwenda, na baadaye akaolewa.

Basi mwaka wa saba shemeji yangu akafiwa na mkewe, kijiji cha mbele ya Mitwaba, ikabidi mimi na mume wangu twende kwenye kilio katikati ya masika. Kamyo ilikwama siku nne njiani. Tulipofika Mitwaba mume wangu akaendelea na wenzake kwa miguu, mimi nikasema nipite kwanza kwa mama, nimfurahishe.

Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani moshi mtupu. Mama amekaa karibu na moto, amejifunika kitenge kilekile nilichomletea mwezi wa sita, miguu imevimba mpaka vidole vimepotea. Kitanda kimesogezwa katikati ya chumba, na kila pembe kuna sufuria au bakuli linakinga maji ya paa. Mtu niliyemwona pale alikuwa nusu ya mama yangu.

Na aliponiona hakufurahi. Alishtuka kama mtu aliyekamatwa akiiba, akavuta kifuniko, akafunika chungu.

"Juu ya nini haukutuma habari?"

"Mama, uko mugonjwa?"

"Minakuuliza. Juu ya nini haukutuma habari? Muntu anakuya tu hivi?"

Nikafunua chungu. Sombe tupu, majani ya muhogo yamechemshwa bila chumvi, bila mafuta. Nikatazama huku na huku nikitafuta bukari, ugali wetu.

"Bukari iko wapi?"

"Bukari itakuya mu mwezi ya ine," akasema, kama mtu anayetaja siku ya soko.

Hapo akaingia jirani yake, Mama Kabulo, mwanamke wa rika lake, jani la mgomba juu ya kichwa kwa ajili ya mvua na bakuli mkononi. Akanitazama kutoka juu mpaka kwenye matope.

"Huyu njo mwenye karanga?"

"Kabulo, nyamaza," mama akasema.

"Minyamaze juu ya nini? Tunakujuaka weye. Unakuyaka mu mwezi ya sita, unakula kuku, unabeba gunia, unaenda. Ile gunia njo chakula yake ya masika. Njo angekuwa anakaanga sasa. Muulize anakulaka nini toka Noeli. Anakulaka sombe yangu, na yangu nayo inaisha."

"Hakuniambia," nikasema.

"Na weye uliuliza? Uliona uwanja imefagiwa, ukasema byote biko bien."

Nikapokea bakuli lake, nikamwekea mama mbele.

Sikwenda tena kwenye kilio. Mume wangu aliporudi alifunga bashi juu ya paa, maana turubai ndilo lililopatikana, nasi tukakaa pale wiki tatu. Mama alinisimulia kidogo kidogo, huku anatazama moto. Kila mwaka ilikuwa hivyo, toka Noeli mpaka mahindi mapya. Mwezi wa tano anaanza kushiba, anarudi mwili, anawapikia vijana pombe waje kumwezekea paa, anafagia, anamtenga kuku. "Nilitaka ukifika unikute muntu," akaniambia. Hilo tu.

Kwa hiyo mama hakunidanganya. Paa la mwezi wa sita lilikuwa kweli, mashavu yalikuwa kweli. Mwongo nilikuwa mimi. Nilishika mwezi wa sita huu, nikashika mwezi wa sita wa mwaka wa mbele, nikavuta kamba katikati, nikamwambia kaka yangu kwamba mama anatembea juu ya kamba hiyo mwaka mzima.

Miaka mingi imepita. Mwaka jana mjukuu wangu Nadine, ambaye ni injinia wa maji, na simkuti mtu nisimwambie kwamba ni injinia wa maji, alifungua kompyuta yake juu ya meza yangu ya kulia, akanionyesha mto. Mto wenyewe ulikuwa vidoti na mstari. Yeye huniita kambo, yaani bibi.

"Hapa tulipima, kambo. Na hapa tulipima. Mu katikati mwenye kupima alikuwa mugonjwa wiki tatu, basi tunajaza. Tunaita interpolation."

"Munajaza na nini?"

"Na hesabu."

"Na nani alienda kuona?"

"Hakuna, kambo." Alitaka kucheka, akaona uso wangu, akaacha.

Alinieleza kwa upole, maana yeye hana mdomo wangu. Kujaza si wizi, akasema. Injinia wa nyumba anatoboa ardhi hapa na pale, hawezi kutoboa kila hatua, udongo wa katikati anaukadiria. Hata kichwa changu, siku waliponipitisha kwenye skana ya hospitali, mashine ilikipiga picha vipande vipande kama mkate uliokatwa, na kati ya kipande na kipande ikajaza yenyewe ili daktari akione kizima. Mimi nilidhani wamekiona chote! Ndiyo sababu daktari alitaka nirudi nipigwe tena kwa vipande vyembamba: kitu kidogo kinaweza kukaa katikati ya picha mbili na kisionekane katika yoyote. Nadine akasema kila kitu kina tabia yake. Kinachobadilika polepole, ukikipima karibu karibu, mstari wako hautakuwa mbali na kweli. Lakini mto wa masika unapanda na kushuka kabla mpimaji hajarudi, na ukijaza kwa mstari ulionyooka, unalifuta furiko lenyewe. Atakayejenga daraja kwa mstari huo atalijenga chini mno.

Nikamuuliza huyo wa daraja atajuaje kwamba wiki tatu zile hakuna aliyekwenda mtoni. Akanionyesha: siku zilizopimwa ni nyeusi, za kujaza ni nyekundu.

"Hapo sawa," nikamwambia. "Sasa uende kwa benye kukaa pembeni ya mto, baseme maji ilifika wapi ku ukuta."

"Tunafanyaka vile, kambo."

"Basi umesoma."

Nirudi kwa mama. Tulimsihi aje mjini, akakataa: atakaa vipi katika kiwanja cha watu, na shamba nani atalilima? Basi nikaanza kwenda mara mbili, masika na kiangazi, na Monga akawa anapeleka unga kila alipopata kamyo. Karanga sikubeba tena. Tuligombana kwa hilo kila safari, naye alikuwa akinifichia konzi moja katikati ya nguo. Mwaka wa tatu nilimwacha mwisho wa mwezi wa kwanza, uvimbe umeshuka, amekula bukari mbele yangu, ameniambia niende kwa watoto wangu. Nyuma yangu mvua ikakata barabara. Habari zilinifikia wiki sita baadaye, na alikuwa amekwisha kuzikwa.

Mama Kabulo alinipa alichokuwa nacho. Siku mbili alimkuta amelala, akampa uji, mama akataja jina langu. Kisha Kabulo mwenyewe akashikwa na homa, hakutoka nyumbani kwake, na alipotoka tena kilikuwa kilio. Hayo ndiyo tunayoyajua. Watu wema walinifariji: alilala tu, hakuumia, aliondoka kwa amani. Niliwashukuru. Lakini walikuwa wanajaza, mwanangu, na mimi siwezi. Wiki zile nimeziacha wazi. Kila mwaka zikifika ninakaa nazo hivyohivyo, wazi, na hakuna wa kukaa nazo pamoja nami, maana Monga naye amekwenda, na mume wangu vilevile.

Sasa ni mimi ninayeishi peke yangu hapa Kampemba. Watoto wangu wako Kolwezi, wengine Ulaya. Wananipigia Jumapili baada ya misa, simu ya picha. Kabla haijalia ninavaa kitenge kizuri, ninajipaka mafuta usoni, ninaketi upande wa ukuta uliopakwa rangi. "Maman, ça va?" "Ça va." Wakisikia niko salama wanafurahi, wanakata. Nimekuwa kama mama yangu. Jumatano ni ndefu sana, ninasonga bukari ya mtu mmoja, na mwiko ukigonga sufuria ndiyo sauti ya nyumba nzima. Hilo sijawaambia. Ninaliandika hapa.

Mwanangu, neno langu ni hili. Kujaza utajaza, hakuna mwenye macho ya kila siku na kila mahali. Lakini kabla ya kuvuta mstari jiulize ulipima lini, na kwa nini siku hiyo. Kama unafika siku nzuri tu, ukifika mara mia bado hujui kitu. Nenda siku mbaya, wakati hakuna aliyefagia kwa ajili yako. Mahali usipofika, paandike kwa rangi nyingine na useme waziwazi, hapa sikufika, iwe ni mto, iwe ni kichwa cha mgonjwa, iwe ni mzazi. Na ukiwa wewe peke yako uliyeona, usilichukue hilo kumfunga mdomo mwenzako mwenye wasiwasi. Kaka yangu hakuwa ameona kitu, na ndiye aliyesema kweli. Na kama una mzee wako mahali, mpigie katikati ya wiki. Akisema ça va, muulize amekula nini, na ungoje ajibu.

Mungu akushike mkono kazini na njiani. Akupe miguu isiyoogopa matope, akupe watoto wanaouliza na kusikiliza, na uzee wako usijue njaa wala aibu ya kuificha. Nimekubariki kwa mikono yangu yote miwili. Nenda muzuri, mwanangu.