Mrija Nilioukataa Murungu

Siku ya pili ya Krismasi sisi hatukukaa nyumbani. Tulitembea. Baba alikuwa Bwana Shamba pale Kibondo, mgeni kutoka mkoa mwingine, na mwaka mzima kazi yake ilikuwa kutembea: leo Kitahana kukagua mihogo ya watu, kesho Gwarama kuwaonyesha namna ya kupanda kahawa kwa mistari. Ungedhani siku ya mapumziko angekaa kitini akanyoosha miguu. Lakini mama alikuwa na neno moja kuhusu siku hiyo, nalo halikujadiliwa: "Tunakwenda kwa mama."

Tulitoka mapema, baba mbele na fimbo yake, mama nyuma yake na kapu la mchele na nyama kichwani, kisha sisi watoto wanne kwa kufuatana urefu, mimi nikiwa wa kwanza. Desemba kwetu ni mwezi wa mvua na njia ilikuwa utelezi mtupu. Viatu vipya vya Krismasi tulivibeba mkononi mpaka karibu na Murungu. Hapo tuliosha miguu kijitoni tukavivaa, ili bibi atukute navyo. Baba alikuwa na tabia ya kusimama kwenye shamba la mtu asiyemjua, akachuma jani la haragwe na kuligeuza kulitazama chini.

"Leo huko kazini," mama alimwambia.

"Huu ugonjwa haujui sikukuu," baba alijibu.

Tulicheka kila mwaka, ingawa maneno yalikuwa yale yale. Nikiulizwa leo furaha ilikuwa nini, nitasema ni pale, mama akijifanya amekasirika na baba akilifuta jani kwenye suruali.

Mimi nilikuwa nimeshaijua njia hiyo kwa sababu nyingine. Tangu nikiwa na miaka minane, shule ikifungwa tu, nilitangulizwa Murungu kumsaidia bibi kutengeneza pombe ya ndizi, kisha nikarudi nyumbani kwa Krismasi. Bibi alikuwa mjane, mama wa mama yangu, mwembamba, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi. Hakubatizwa. Krismasi kwake ilikuwa siku ya wajukuu, basi, na aliihesabu kwa vidole kurudi nyuma: siku ya kunywa, siku ya kuchachuka, siku ya kukamua, siku ya kufukia. Ndizi mbichi za pombe tulizifukia katika shimo lililotandikwa majani ya mgomba na kupashwa moto, tukazifunika udongo, tukaziacha mpaka ziive. Siku ya kukamua tulizimenya ndani ya mtumbwi wa mti, tukazivuruga na majani makavu mpaka mikono ikafa ganzi. Maji yake yalitoka matamu kiasi cha kufunga koo. Bibi aliyachuja, akaongeza maji, akanyunyiza unga wa mtama wa kukaanga, akafunika chungu kwa majani ya mgomba kama anayemfunika mtoto.

"Mtu mwenye kinyongo asisogelee mtumbwi wangu," alisema. "Una kinyongo na nani, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyoniita, kwa utani wa bibi na mjukuu. Alidai marehemu babu alikuwa amenichagua mimi kabla sijazaliwa.

Siku yenyewe chungu kilitolewa uani. Majirani walikuja na vigoda vyao, wanaume wakaweka bao chini ya upenu, baba akafungwa kila mchezo na vizee vilivyomwita "serikali," wadogo zangu wakaruka kamba na watoto wa pale. Lakini kabla ya kunywa kulikuwa na utaratibu. Bibi alichukua mrija mrefu, ambao kwetu huitwa umuheha, akauchovya chunguni, akavuta kwanza yeye mwenyewe mbele ya wote. Kisha akanipa mimi, mjukuu mkubwa. Mimi nilivuta funda moja, nikakunja uso, watu wakacheka. Kisha mrija ukaenda kwa baba kama mkwe, kisha kwa majirani, mmoja baada ya mwingine. Niliona ni heshima yangu ya kuzaliwa kwanza. Nilijivuna nayo. Wala sikuwahi kuuliza kwa nini watu wananyamaza mpaka nimeze.

Kisha nikapelekwa Kasulu, shule ya bweni.

Sitaki kuwasingizia watu wa Kasulu. Walinipokea vizuri. Wasichana wenzangu bwenini walikuwa wameokoka, wanaimba alfajiri kwa sauti nzuri kuliko redio, na mimi niliyelala na kulia kwa kukumbuka nyumbani nilijiunga nao, nikaokoka kweli. Hilo silijutii hata leo. Niliahidi mbele ya wenzangu kwamba pombe haitagusa mdomo wangu. Lakini hakuna mtu Kasulu aliyenifundisha kumfanyia bibi yangu nilivyomfanyia. Hiyo niliitoa kichwani mwangu mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na hakuna mtu mwenye majivuno kama aliyeokoka wiki iliyopita.

Desemba ile sikutangulia Murungu. Nilimwambia mama kwamba siwezi kukamua kitu ambacho siwezi kunywa. Mama akasema, "Sawa, usikamue. Lakini kwenda utakwenda." Nilidhani nimeshinda. Njiani siku ile nilitembea mbele na Biblia kwapani, sikuvua viatu, vikajaa tope. Baba aliposimama kwenye maharage ya watu sikucheka. Niliona tunapoteza muda.

Uani kwa bibi palijaa. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikaacha, na jua lilikuwa limetoka. Bibi alinikumbatia, akanigeuza kama nguo ya dukani, akasema nimekonda, wanatulisha nini huko. Mikono yake ilikuwa na michubuko ya kukamua peke yake. Niliiona. Nilijiambia angeweza kuacha kama angetaka.

Kisha akachovya mrija, akavuta, akanipa.

Ningeweza kufanya mambo mengi. Ningeweza kugusisha midomo tu. Ningeweza kumnong'oneza kabla, tulipokuwa ndani, naye angetafuta njia. Alikuwa mwerevu kuliko sisi sote. Badala yake niliusukuma mrija kwa mgongo wa mkono, nikasema kwa sauti ya kuhubiri, kwa Kiha, ili kila mtu asikie: "Bibi, mimi hicho chungu chako siwezi kukinywa."

Bibi alibaki na mrija mkononi. Bao lilikoma. Nilisubiri anigombeze, maana nilikuwa nimeandaa jibu. Hakunigombeza. Aliuchovya tena mrija, akavuta yeye mara ya pili, funda refu, huku akiwazunguka watu kwa macho, kisha akampa baba. Baba, ambaye si mnywaji, alivuta mpaka akakohoa. Mama alivuta. Mrija ukamfikia jirani wa kwanza, mama mmoja mtu mzima wa nyumba ya jirani, akaushika, akautazama, akamkabidhi mumewe. Mume akasema tumbo linamsumbua tangu jana. Mwingine akakumbuka mbuzi wake hawajafungwa. Mwingine akasema mvua inarudi, na mbingu ilikuwa nyeupe. Baada ya muda mfupi uani tulibaki sisi na chungu kilichojaa hadi shingoni.

Bibi alitupakulia wali. Aliniita "binti." "Binti, ongeza maharage." Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwake likinihusu.

Tulipokuwa tunarudi, mama alinisubiri kwenye daraja la magogo, akawaacha wengine watangulie. Sauti yake ilikuwa ya chini sana, na mama yangu akishusha sauti afadhali apige.

"Unadhani tunatembea njia yote hii kila mwaka kwenda kula maharage?"

Ndipo akaniambia. Miaka mingi nyuma, mimi nikiwa mchanga, mwanamume mmoja wa pale alipita nyumba nne siku moja akinywa, na ya mwisho ilikuwa ya bibi. Alfajiri akafa. Nyumba tatu za kwanza zilikuwa na wanaume ndani. Ya nne ilikuwa na mjane. Watu hawakusema wazi, lakini walianza kumwita bibi mlozi, mtu wa kutia watu sumu, na hakuna aliyekanyaga kwake kwa miaka miwili. Mama alipoona hivyo, alinibeba mgongoni hadi Murungu siku ya sikukuu, akawaita majirani, bibi akaonja, kisha mama akanitia tone la pombe ile mdomoni, mimi mtoto wake wa kwanza, mbele yao wote. Watu wakaona. Mtu hamlishi sumu mjukuu wake. Wakarudi. Na tangu hapo kila mwaka ilibidi waone tena.

"Wewe ndiye uliyekuwa mdhamini wake," mama alisema. "Sasa mjukuu anayekijua kile chungu, aliyekikamua kwa mikono yake miaka yote, amekikataa. Unataka wao wafikiri nini?"

Nilimuuliza mbona hawakuniambia. Mama akasema mtoto haambiwi jambo kama hilo, ataogopa, na mtoto akiogopa watu wataiona hofu yake.

Watu husema majuto ni mjukuu. Mimi nilikuwa mjukuu mwenyewe, na bado sikurudi. Ilikuwa asubuhi moja tu ya kutembea! Ningeweza kwenda kesho yake, nikapita nyumba kwa nyumba nikieleza kwamba ni dini, si chungu. Nilisubiri nipate maneno mazuri. Shule ikafunguliwa nikaenda Kasulu, nikamwombea bibi kila alfajiri kwa bidii, kwa kuwa kuomba kulikuwa rahisi kuliko kwenda. Likizo ya Pasaka wenzangu walikuwa na mkutano wa kwaya. Nikaenda kwenye mkutano wa kwaya.

Mwaka ule ndipo watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, nyumba zikapangwa kwa mstari kando ya barabara. Baba mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopima viwanja vya kijiji cha bibi. Mama aliniandikia barua yenye mistari michache. Mstari mmoja ulisema kwamba waliopewa kiwanja upande wa kulia wa bibi waliomba wapewe kingine, na wa upande wa kushoto wakaomba vilevile, na baba alibishana nao siku nzima lakini huwezi kumlazimisha mtu kumpenda jirani kwa kamba ya kupimia. Barua hiyo niliisoma mara moja tu, nikaikunja ndani ya daftari la Jiografia.

Krismasi iliyofuata tulitembea tena. Baba alipita maharage ya watu bila kusimama, nikatamani asimame.

Kijiji kipya kilikuwa hakina kivuli. Nyumba mpya za udongo zilikwenda sambamba kama wanafunzi mstarini, kisha pakawa na pengo, kisha nyumba moja ndogo, kisha pengo tena. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. Uani palikuwa pamefagiwa vizuri, na vigoda vilikuwa vimepangwa, sita au saba. Hakikuwepo chungu.

"Karibu, mke mwenzangu," aliniambia.

Nilipiga magoti mbele yake. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kasulu, na njia nzima nilikuwa nimeshayapanga, nikasema nusu yake tu, machozi yakanizidi. Bibi aliniacha nimalize kulia. Kisha akaingia ndani akarudi na kibuyu.

"Hii haijachachuka," alisema. "Nimekamua jana, sikutia mtama. Haitamkasirisha Mungu wako."

Migomba ya kijiji kipya ilikuwa bado haijanifikia kiunoni. Nilimuuliza ndizi amezitoa wapi. Mama ndiye aliyejibu: amezitoa kule kwenye shamba la zamani lililobaki msituni, kwenda na kurudi siku nzima, na mkungu kichwani, katika umri ule. Amefukia mwenyewe, amekamua mwenyewe.

Bibi akachovya mrija kibuyuni, akavuta kwanza yeye. Hata pale, mbele yetu tu, hakuuruka utaratibu. Akanipa.

Nilivuta. Ilikuwa tamu ile ile ya kufunga koo. Nikavuta tena, nikainuka na kibuyu mikononi, nikatoka hadi barabarani ili nionekane vizuri, nikasimama pale na mrija mdomoni. Mama mmoja alikuwa anakuja na mzigo wa kuni. Nilimtambua, ndiye yule jirani wa zamani aliyempa mumewe mrija. Nikamsalimia kwa Kiha kwa sauti kubwa, nikavuta funda refu mbele ya macho yake, nikameza, nikamwinulia kibuyu. Aliitikia salamu kwa adabu. Hakupunguza mwendo, wala hakugeuza shingo.

Nikaendelea kunywa. Nilikunywa mpaka tumbo likaniuma, nikimtafuta mtu mwingine barabarani.

Nyuma yangu nilimsikia bibi akiita, bila hasira yoyote.

"Njoo ukae chini, mke mwenzangu, unywe kwa raha. Mwaka jana ndipo walipokuwa wanatazama."