Dripu Arobaini

Kwa miaka thelathini fundi wa rejeta za magari alivuta moshi wa risasi ya kulehemu, na juu yake sigara. Asubuhi moja, nyundo mkononi, kifua kikambana kama gari limempandia. Ulikuwa mshtuko wa moyo, alipona chupuchupu.

Alipopata nafuu, daktari alimweleza habari za utafiti. Kulikuwa na dripu ya dawa inayonasa madini mwilini, kama risasi, na kuyatoa kwa mkojo. Walitaka kujua kama ingezuia moyo usishikwe tena.

"Nusu yenu mtapata dawa, nusu maji ya chumvi. Hata mimi sitajua nani kapata nini. Ila vidonge vyako usiviache."

"Mfa maji haachi kutapatapa," fundi alisema, akatia sahihi.

Nyumbani mkewe aling'aka: "Baba, unakwenda kutundikiwa maji?"

"Huenda ni dawa."

"Na huenda ni ya kuchemshia viazi!"

Kila Jumatano, wiki arobaini, alikaa kwa muda wa saa tatu na sindano mkononi. Kwenye kiti cha jirani alikaa mwalimu mstaafu, mama mkavu wa maneno, naye moyo ulishamwangusha. Siku ya tatu tu alimgeukia.

"Fundi, unanuka sigara. Unaziba tundu huku, unatoboa kule?"

Fundi aliona aibu. Ilimchukua miezi miwili, lakini sigara aliziacha. Mwalimu akaanza kumletea gazeti amsomee kwa sauti. Akikosea, anarudishwa nyuma kama mtoto wa darasa la pili, na nesi anacheka.

Dripu zikaisha. Mwaka wa pili mwalimu alishikwa tena na moyo, akafariki.

Majibu yalipotoka, fundi aliambiwa kwamba yake yalikuwa maji ya chumvi. Binti wa mwalimu alimpigia simu: mama yake ndiye aliyepata dawa.

Alikwenda kwa daktari akiwa mnyonge. "Mbona amekufa yeye, si mimi?"

"Wawili hawatoshi kutupa jibu," daktari alisema. "Kwa wote tuliowafuatilia, waliopata dawa na waliopata maji hawakutofautiana kwa kushikwa na moyo. Sasa tunajua."

"Kwa hiyo tulikaa bure?"

"Wewe unaonaje?"

Fundi aliaga, akaondoka. Alipofika nyumbani alimsimulia mkewe yote. Safari hii mkewe hakutania. Alimletea vidonge vya jioni na maji, akaketi karibu naye.

"Huyo mwalimu," akasema, "nilitamani nimwone hata mara moja."