Sanduku la Madirisha Manne

Walisema sitaweza. Walisema samaki ni wa watu wa ziwani, na huku Itiryo tunakula nyama, maziwa na ugali wa ulezi. Fundi seremala, jirani yetu, ndiye aliyekuwa na mdomo kuliko wote. "Mura," aliniambia, kama vijana tunavyoitwa huku, mbele ya watu kwenye duka la kijiji, "umekwenda ng'ambo miaka yote hiyo ukasomee kuwachunga samaki? Nani aliwahi kusikia samaki ametolewa mahari?"

Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na stashahada ya ufugaji wa samaki, niliyoipata kwa jasho langu mwenyewe, maana baba alikufa nikiwa mdogo na hakuna aliyenisukuma. Katika wilaya nzima sikumjua mwingine mwenye karatasi kama ile, na sikuona sababu ya kuificha.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamwomba nguvu za watu wachimbe bwawa kule bondeni, liwe mali ya kijiji kama shamba la ujamaa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wazo zuri," akasema, "lakini siwezi kuwatoa watu shambani kwa ajili ya maneno. Fuga hao samaki nyumbani kwako kwanza. Masika ikikaribia nao wakiwa hai, tutachimba."

Kufuga nyumbani kulihitaji tangi la kioo, ili kila mwenye shaka aone kwa macho yake. Kioo kingetoka wapi siku zile? Nyumba zenye madirisha ya vioo kijijini zilikuwa chache, na wenyewe walijivunia. Basi nikaenda kukopa madirisha. Mwenyekiti akanipa moja, mwenye duka akanipa moja, katekista akanipa moja. La nne likatoka kwa fundi seremala mwenyewe, alilotoa huku akicheka, akisema analikodisha kwa tamasha. Wote wanne wakaziba matundu kwa mikeka na kunipa sharti moja: madirisha yarudi kabla mvua za masika hazijawaingilia ndani.

Niliyasimamisha madirisha manne yakawa kuta, chini nikaweka mbao na bati, viungo nikaviziba kwa lami iliyobaki kwenye ujenzi wa barabara. Halikuvuja hata tone. Nikaenda mto Mara kwa baiskeli, nikarudi na debe la vifaranga vya sato. Wakaanza kuogelea sebuleni kwa mama yangu. Watu walijaa mlangoni kama wanasikiliza matangazo ya mpira.

Nilikuwa nimerudi kutoka ng'ambo na kisanduku cha kupimia maji: mirija midogo ya kioo na chupa za dawa. Unachota maji kwenye mrija, unadondosha dawa. Yakibaki meupe, ni salama. Yakigeuka njano, yana amonia, ile sumu inayotoka kwenye uchafu wa samaki. Yakiwa na rangi ya chai, samaki hao jiandae kuwazika. Nilipima hadharani kila asubuhi, na wiki ya kwanza maji yalibaki meupe. Niliwaeleza watu kwamba mrija haudanganyi.

Asubuhi moja mrija ukatoa rangi ya chai.

"Samaki wako wamestaftahi!" fundi seremala akapiga kelele. "Mama, waletee na viazi!"

Mwenyekiti hakucheka. "Wewe mwenyewe ulisema mrija haudanganyi," akaniambia. "Siwezi kuwachimbia watu bwawa la sumu. Nitarudi Jumamosi. Ikiwa bado hivi, rudisha madirisha ya watu."

Nilibadilisha nusu ya maji. Chai. Nikapunguza chakula. Chai tena. Lakini samaki walikuwa wachangamfu, wanakimbilia pumba nikiwatupia. Samaki mwenye sumu ya amonia hupanda juu akitafuta hewa. Hawa walikuwa wakifukuzana. Mtu mwingine angeamini dawa akawamwaga. Mimi nilifundishwa kukihoji kipimo kama ninavyoyahoji maji.

Nikachukua maji ya chemchemi, ambayo hayajawahi kuona samaki, nikayapima. Chai ile ile! Nikayatia mengine kwenye chupa ya soda niliyoisuuza vizuri, nikadondosha dawa ile ile. Yakabaki meupe. Basi dawa nzima, maji mazima. Nikaunusa mrija. Ulinukia moshi, na nyuma ya moshi kulikuwa na harufu ya zizi.

"Mama," nikaita, "nani anaosha mirija yangu?"

"Mimi, nani mwingine?" akajibu kutoka jikoni. "Ulikuwa unaisuuza kwa maji matupu kama mtu asiye na mama. Chombo cha heshima kinaoshwa kama kibuyu cha maziwa. Nimeitia mkojo wa ng'ombe, nikaianika, nikaifukiza. Huoni inavyong'aa?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mkojo wa ng'ombe uliolala ni amonia tupu.

"Kwa hiyo vyombo vyangu vimesema uongo?" mama akauliza, mikono kiunoni.

"Hapana, mama. Vimesema kweli, ila vimetoa habari za zizini."

Jumamosi nilipima mbele ya mwenyekiti, maji yale yale ya tangi: nusu kwenye mrija wa mama, nusu kwenye chupa ya soda. Moja chai, moja meupe. Nikamnusisha. Naye ana ng'ombe, hakuhitaji maelezo. "Loo," akasema, "mama yako amewakamua samaki." Jumatatu watu walishika majembe.

Bwawa lilijaa mvua za kwanza zilipogusa vilima. Nilihamisha sato wangu wote, wakiwa wamenenepa, kisha nikalibomoa tangi. Siku hiyo hiyo nilizunguka na madirisha kichwani, nyumba hadi nyumba, nikayapachika kwa mkono wangu. Mwenyekiti, katekista, mwenye duka. La mwisho lilikuwa la fundi seremala. Alilifungua, akalifunga, akakwangua lami kwa ukucha akitafuta kasoro. Hakuipata.

"Linanuka samaki," akasema.

"Zoea," nikamjibu. "Mwakani utakuwa unawala."

Mvua ikaanza kupiga kioo. Akanivutia kigoda nikae.