Kimraba cha Msiba wa Mama

Kwenye kioo cha duka langu la steshenari hapa Tunduma nimebandika kimraba cheusi na cheupe. Wasomi wanakiita msimbo wa QR, wateja wangu wanakiita kimraba, nami nimezoea hivyo hivyo. Mgeni akikielekezea kamera ya simu, inafunguka ramani ya mji: forodhani, stendi, hospitali, makanisa, gesti, na mama ntilie wasiounguza wali. Akigusa alama yoyote anaonyeshwa njia, na kidoti cha bluu kinatembea naye. Niliitengeneza mwenyewe. Madereva wa malori na wafanyabiashara wa Zambia walikuwa wakiniuliza njia kutwa nzima mpaka mate yananikauka, nikasema basi, kioo kiwajibu.

Ikapendwa. Gesti zikaja kutaka vimraba vyao, kanisa letu likataka cha mkutano wa injili, na mimi kichwa kikavimba. Mtu akianza kunielekeza kwa mkono, "unapita mashine ya kusaga, halafu unakunja", namkatisha: huna ramani? Nilikuwa na kiburi, nasema mwenyewe kabla hamjasema.

Mama aliugua wakati mahindi yanatoa mbelewele. Yeye aliolewa Ndalambo, kijijini kwetu, akitokea Zambia, mbele ya Nakonde, na huko alimwacha kaka yake mmoja tu, mjomba wangu. Walikuwa hawasemezani. Bibi alipofariki, mjomba alimzika bila kumsubiri mama; mama alifika akakuta watu wananawa mikono, kaburi limeshafukiwa. Akarudi Ndalambo, na tangu siku hiyo hakuvuka tena mpaka, mpaka nywele zikawa nyeupe. Mjomba naye, jeuri kama dada yake, hakuja.

Lakini siku zake za mwisho, akiwa kwangu Tunduma, mama alinishika mkono. Alikuwa amebaki mifupa, ila alinibana nikaumia.

"Nikifa, msinifunike mpaka kaka yangu anione. Nataka ajue nilishayamaliza."

Nikamwambia mama, usiseme hivyo, utapona.

"Acha ujinga," akasema. "Umesikia au hujasikia?"

Nikasema nimesikia.

Alifariki siku ya pili yake. Nilimpigia mjomba, akalia mpaka simu ikakatika, kisha akapiga mwenyewe. "Mayo, nakuja. Mnisubiri." Ananiita mayo, yaani mama, kama wazee wa kule wanavyowaita binti zao. Akasema njia haikumbuki, alikuja mara moja tu, kwenye harusi ya mama. Nikamjibu, "Usihangaike mjomba. Nimebandika ramani dukani, ukivuka tu pita pale, itakufikisha hadi mlangoni."

Nilikuwa nimeprinti kimraba cha msiba chini ya picha ya mama. Pini niliiweka juu kabisa ya paa la nyumba yetu. Nikaijaribu nikiwa dukani kwa laini yangu ya Zambia, maana sisi wa Tunduma simu zetu zina laini mbili, ya huku na ya kule, na zote zinashika. Ikafunguka vizuri kabisa. Nikaridhika, tukaondoka na mwili kwenda Ndalambo.

Nyumbani, msiba ukitokea, watu hukata matawi mabichi na kuyalaza kwenye kila njia panda, ncha zikielekea kwenye msiba. Hata asiyejua kusoma anafika. Mdogo wangu wa kiume, ambaye analima pale pale nyumbani na ana watoto wake, alinijia na panga mkononi.

"Dada, tukakate matawi?"

Nikamcheka mbele za watu. "Matawi ya nini? Unataka kuwalisha mbuzi wa watu? Wageni wote wana ramani."

"Hata mjomba?"

"Huyo ndiye wa kwanza."

Akalirudisha panga ndani.

Siku ya maziko, asubuhi, jirani yangu wa duka alinipigia: mzee wako amepita, amevaa koti jeusi, ameskani tangazo akashukuru, ameondoka na pikapu yake. Moyo ukatulia. Ilipofika saa tano nikampigia mjomba, nikaambiwa namba haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka shangazi akanipokonya simu.

Ndipo akili zikanirudia. Laini ya Zambia inashika Tunduma kwa sababu Nakonde na sisi ni pua na mdomo. Ukiuacha mji nyuma, laini ile haikujui. Sisi watu wa mpakani hatuoni tofauti, maana simu inahamia laini ya pili bila hata kutuambia. Mjomba alikuwa na laini moja tu. Ramani yangu ilikuwa imeshamgeukia kijivu, kidoti kimesimama porini. Mungu wangu, nilitamani ardhi ipasuke!

Mdogo wangu akapanda pikipiki kumtafuta. Akarudi peke yake.

Wingu likatanda kutoka upande wa Rukwa. Mchungaji akaniangalia. Wazee wakasema wewe ndiye mkubwa, ndiye uliyemuuguza, tunasubiri neno lako. Kaburi likianza kujaa maji tungemzika mama kwenye tope. Nilisubiri hadi saa nane na nusu, matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Nikasema, "Funikeni." Nilisema kwa sauti ya kawaida tu, kama naagiza karatasi.

Mjomba alifika saa kumi na moja, mvua imekatika, watu wananawa mikono. Aliliangalia lile beseni la maji, akasimama hapo hapo. Hakuna aliyehitaji kumwambia.

Tulimkalisha, akaeleza polepole. Ramani ilipopotea aliendelea kwa kubahatisha, akafika njia panda akaona matawi yamelazwa. Akamshukuru Mungu. Akamuuliza mwanamke aliyekuwa anapita, msiba wa mama uko huku? Ndiyo baba, huku huku. Pale kwenye msiba watu waliona mtu mzima analia, wakampisha moja kwa moja hadi kwenye jeneza. Marehemu alikuwa mama mzee aliyekondeshwa na ugonjwa, na mjomba hakuwa amemwona dada yake tangu ana nywele nyeusi. Akamwinamia sikioni, akamwomba msamaha kwa yote. Akatoka nje amepata nafuu, akakaa na wanaume. Ndipo iliposomwa historia ya marehemu, akasikia majina ya watoto wanane, wote si sisi.

"Matawi yao yalikuwa mengi," akasema. "Huku kwenu sikuona hata jani."

Mdogo wangu aliangalia chini. Hakunisema. Angenitukana pale mbele ya ukoo mzima ningemshukuru.

"Amenirudishia," mjomba akasema. "Nilimzika mama yetu bila yeye, na yeye amezikwa bila mimi. Ni haki yake."

Nilishindwa kuvumilia. Nikapiga magoti mbele yake. "Hapana mjomba, alishayamaliza. Alisema tusimfunike mpaka umwone." Nilidhani nampoza, jamani. Nilidhani hilo ndilo litakalompa usingizi.

Akanitazama. "Alisema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

"Sasa, mayo, nani alisema mfunike?"

Nilikuwa na maneno mengi. Mvua, tope, mchungaji, wazee, laini.

"Mimi, mjomba," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelekezwa njia akaelewa. Akaenda kusimama kaburini kidogo, akarudi kwenye pikapu yake. Tulimsihi alale, akakataa. Mdogo wangu aliingia ndani akatoka na panga, akawasha pikipiki akamtangulia, na kwenye kila njia panda alishuka akakata tawi, akalilaza, ncha ikielekea barabara ya lami, ili mjomba asipotee tena.

Niliyakuta kesho yake nikirudi Tunduma. Niliyahesabu njia nzima. Yote yalikuwapo, na hakuna mbuzi aliyeyagusa.