Nyota Ambayo Habari Zake Hazijafika

Babu alipofariki, Bibi alikaa eda na akaacha kunitania. La kwanza nililielewa, la pili lilinishinda. Kwetu Kaole mjukuu wa kiume ni mume wa bibi yake. Tangu nikiwa na meno ya utoto ananiita bwana asiyeleta hata dagaa, nami namtishia talaka. Sasa nikimtania, ananitazama kama mtu wa sensa.

Wiki ile mwalimu wa fizikia alituonyesha picha mpya za nyota moja ya kusini, kubwa ajabu, inayolishinda jua letu kwa mwanga mara mamilioni. Imezungukwa na mawingu mawili ya vumbi na gesi iliyoyatapika yenyewe. Nikasema inafanana na mwalimu mkuu baada ya pilau. Nilitolewa nje. Nyumbani nikaitafuta tena kwenye simu ya mama.

Baada ya magharibi nikaketi na Bibi uani.

"Mke wangu, nimekuletea mke mwenzio. Tazama alivyonenepa."

Akaisogeza simu mbali na macho. "Huyu anaumwa?"

"Anajimwaga, Bibi. Siku moja atalipuka. Tena yuko mbali, mwanga wake unasafiri maelfu ya miaka kutufikia. Huenda alishakufa, wenzake washamaliza matanga, sie huku bado tunamsifia unene!"

Nilicheka peke yangu.

"Kama mimi," alisema Bibi. "Babu yako kafa alfajiri huko Dar, nyumba nzima inajua. Mie nakaanga nguru, namwekea mkia anaoupenda, nacheka na jirani dirishani. Nikiuliza, naambiwa mgonjwa hajambo kidogo. Mpaka adhuhuri."

Ndiyo desturi yetu. Mke haambiwi msiba kwa simu. Husubiriwa wazee wafike, na wanawake wa kumshika wakae tayari. Sote tuliona tumemhurumia.

Akauliza nyota iko wapi. Nikamwonyesha kusini, juu ya bati la jirani, penye wingu la masika. Hakukuonekana kitu. Yeye akaendelea kutazama, kaikunja kanga yake nyeupe chini ya kidevu.

"Ukisikia imekufa, niambie saa hiyohiyo. Usingoje wazee."

"Sawa, Bibi."

"Hata kama napika."

"Hata kama unapika."