Kofia ya Hamadi

Harufu ya mwani unaokauka juani haina adabu. Huingia ndani bila kupiga hodi, ikakaa kwenye mito, kwenye nguo za sala, hata kwenye uji. Mwaka niliokuwa na miaka kumi, uani kwetu, kijiji kimoja cha karibu na Micheweni, hapakuwa na pa kukanyaga. Mwani ulianikwa juu ya makuti, juu ya mawe, juu ya kamba za nguo. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya mafuta ya nazi na maziwa yaliyoganda shingoni, nayo ilikuwa ya ndugu yangu Hamadi, mwenye miezi mitano, ambaye nilimbeba mchana kutwa mpaka nguo zangu zikawa zinanuka yeye. Baba alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, na tulimtarajia kwa Sikukuu. Mama alikuwa peke yake na sisi. Maji yakitoka, alikwenda shambani kwake baharini, maji yakijaa alirudi, na baina ya kutoka na kujaa huko mtoto alikuwa wangu.

Sikuwa mlezi mbaya, ingawa sikuwa mlezi wa kupenda. Nilijua kumfunga mbeleko ikamkaa, nilijua kumpaka mafuta utosini na kumfunika kichwa asipigwe na upepo, nilijua kilio cha njaa na kilio cha ukaidi. Lakini roho yangu ilikuwa kwenye kofia. Jirani yetu Bi Mize, mwanamke mzima ambaye hakujaaliwa mtoto, alikuwa akishona kofia za mkono ambazo wanaume walizifuata kutoka Wingwi na mbali zaidi. Alinifundisha kuchora maua kwa penseli juu ya kitambaa cheupe, kutoboa vitundu, kisha kuzungushia uzi kila tundu mpaka kitambaa kikawa kigumu chenyewe. Aliniazima sindano yake moja, nyembamba kuliko zote. Nilipokuwa nimeishika ile sindano sikusikia mwani, sikusikia mtoto, sikusikia kitu.

Mama aliliona hilo mapema. Akaniwekea sharti moja tu, na alilisema akiwa ameinama anafunga kanga kiunoni kwa ajili ya kwenda pwani: "Ukiwa na mtoto, sindano siitaki kuiona. Umesikia weye?" Nikaitika. Alipofika nyuma ya nyumba tayari nimeshaitoa chini ya mkeka.

Nilikuwa na nia njema, hilo najitetea mpaka leo. Nilitaka baba akija amkute mwanawe ana kofia ya Sikukuu niliyoishona mimi. Nilishona kwa wizi wiki tatu, mtoto akilala nashona, akiamka naficha. Siku chache kabla ya Sikukuu, Bi Mize alipita akamkuta Hamadi amekaa mapajani mwangu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, akasema mbele ya mama, "Kichwa hichi bwana, hichi ndicho cha kofia." Hakuongeza neno. Kwetu ukimsifu mtoto bila kusema mashaallah, mwenye mtoto atakutazama mara mbili, na mama alimtazama. Lakini Bi Mize alikuwa mtu wetu, yakapita.

Kesho yake nilibakisha kazi ya upana wa kidole kimoja tu. Ikaadhiniwa adhuhuri. Bi Mize alinifundisha kwamba ukisikia adhana unasimamisha mkono, unachomeka sindano ndani ya pindo la kazi yako, unainuka. Nami nikafanya hivyo hivyo, nikaichomeka kwa ndani, pale kitambaa kinapokunjwa mara mbili. Hapo Hamadi akaamka. Badala ya kusali nikajaribu kofia kichwani mwake, mara moja tu, nione. Ikamkaa! Nilifurahi mno, nikampiga busu kwenye pua. Na hapo hapo mama akaingia na tenga lake la mwani, maji yamewahi kujaa.

"Nani kamvika hichi?"

Ningesema mimi, ningepigwa kwa ajili ya sindano. Nikasema, "Bi Mize kamshonea."

Mama akapanguza mkono, akaigusa kofia, akasema ahsante yake, akamchukua mtoto akamtia mgongoni ili aendelee na kazi. Hamadi alilaza kichwa mgongoni mwa mama kama kawaida yake, na akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtoto yeyote. Akashushwa, akanyamaza kwa kwikwi. Akapewa ziwa, kichwa kikalala mkononi, akapiga tena. Ikawa ndivyo mpaka alasiri. Majirani wawili watatu walikuja, na hawakuchukua muda kukubaliana. Kasifiwa jana bila jina la Mungu, leo kaletewa kofia, na aliyesifu na aliyeshona ni mmoja, tena hajavyaa, hana mtoto. Jicho. Waliposema hivyo nikainama kutafuta sindano chini ya mkeka, nikakumbuka iko wapi.

Ningeweza kusema wakati ule. Neno lilikuwa fupi. Nilichosema ni, "Mama, n'mvue kofia, ana joto." Mama akanipiga kibao cha mkono. "Upepo huu, kichwa wazi? Wataka kumuua?" Nikarudi ukutani, nikasimama, nikamtazama ndugu yangu anaumia kwa kazi ya mkono wangu. Nilikuwa naogopa mambo mawili, kwamba Hamadi atakufa na kwamba mama atajua, na naona aibu kuandika kuwa sikuweza kupambanua lipi nililiogopa zaidi.

Tulimpeleka kwa mwalimu wetu wa chuoni, yule wa madrasa, akamsomee. Mimi nilibeba mwavuli. Mwalimu akamweka mtoto mapajani, akasema, "Mfunueni kichwa, n'weke mkono utosini." Nikaruka mimi kabla ya mama, nikaitoa kofia taratibu, na nilipoikunja kiganjani nikaisikia sindano, ncha yake imetokeza kwa ndani. Nikaichomoa nikaitia kwenye pindo la kanga yangu. Mwalimu akasoma, akampulizia. Hamadi akapumua kwa kina, akatulia, akaanza kuchezea ndevu za mwalimu. Nyuma ya sikio lake palikuwa na mikwaruzo miwili na tone la damu lililokauka. Mama akasema ni kucha zake mwenyewe. Wote chumbani wakamshukuru Mungu, na wote wakawa wameshapata uhakika.

Jioni ile ile mama aliniagiza niirudishe kofia. "Mpe, mwambie ahsante, mtoto haimkai. Usikae." Nikamkuta Bi Mize ameketi kizingitini kwake. Nikamwambia kama nilivyoagizwa. Aliipokea, akaigeuza ndani nje, akapitisha dole gumba kwenye mishono, tundu moja baada ya jingine, kwa muda mrefu. Nilingoja aseme, "Hii si kazi yangu." Alisema, "Haya mwanangu, nenda, wasije wakakutafuta."

Hakuna aliyemtukana. Kijijini kwetu mtu hatukanwi, huachwa tu. Aliitwa kwenye shughuli kama zamani, akapewa sahani yake, lakini hakuna aliyempa tena mtoto amshike, na alipopita njiani akina mama walivuta kanga wakawafunika watoto wao. Nami siku moja, Hamadi akiwa mgongoni mwangu, nilimwona anakuja kwa mbali, na kwa kuwa mama alikuwa ananitazama, nilimfunika.

Siku hizi nakaa Wete. Nina charahani, nina wateja wanaoniagiza kofia kwa simu na kutaka zifike jana, nina mume mwema ambaye hajui kitunguu kiko wapi jikoni, na nina binti wa miezi minne anayeamka kila nikitia uzi. Hamadi ameota ndevu na ananitania kwamba nimezeeka. Zamani nilidhani mama alikuwa mkali bure. Sasa najua alikuwa mtu mmoja mwenye kazi za watu watatu, aliyemwachia mtoto wake mtoto mwingine kwa sababu bahari haingojei, na sina la kumlaumu. Nina charahani ya umeme na friji ya kuwekea maziwa, na bado hazinitoshi saa za mchana. Lakini yeye hakuwahi kumtwika mtu mwingine kosa lake. Hilo nililifanya mimi.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Bi Mize na mwanangu. Macho yamepungua nuru, kushona ameacha. Nikamweleza yote, tangu sindano mpaka kanga niliyomfunika Hamadi, na nililia mbele yake bila haya. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua siku ile," akasema. "Mishono yako naijua, ilikwenda upogo."

"Mbona hukusema?"

"Ungepigwa. Nikadhani utasema weye mwenyewe, ukishatulia. Kesho, kesho kutwa. N'kangoja."

Nikamwomba radhi. Akasema amenisamehe zamani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesema kweli. Basi nikamfungua binti yangu nikamnyoshea, nikamwambia, "Mpakate basi, Bi Mize." Alirudi nyuma hatua moja, akaitia mikono yake yote miwili ndani ya kanga.

"Hapana, mwanangu. Mlaze pale kitandani. N'tamtazama kwa hapa."