Ukimya Uliokataa Kuhama

Saa tatu kasorobo asubuhi, mlango wa chuma wa duka ukiwa haujamaliza kupandishwa, mwalimu wa kwaya anatua boksi la hedifoni juu ya kaunta kwa kishindo.

"Hizi ni za pili, mama. Upande wa kushoto umekufa tena. Mnatuuzia vifaa au makopo?"

"Makopo ningekuuzia kwa bei ya makopo, mwalimu," anajibu mwanamke aliye nyuma ya kaunta.

Haulizi risiti. Anachomeka waya kwenye redio ndogo, anamvisha mteja hedifoni, kisha anazivua na kumvisha tena kinyume: ya kulia kushoto, ya kushoto kulia.

"Sasa?"

Mwalimu anatega. "Kushoto bado kimya."

Mwanamke huyo, ambaye wenzake humwita Mama Geuza, anazima redio taratibu. Kifaa kikiwa kibovu, ukimya huhama pamoja nacho hadi sikio la pili. Huu haukuhama.

Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akipokea bidhaa zinazorudishwa dukani hapa. Hedifoni pekee hufika arobaini kwa wiki, nyingi zikiwa na waya uliokatikia ndani au tundu lililolegea. Lakini kila mwezi, asema, wateja wawili au watatu hurudisha kifaa kizima kwa sababu ya sikio gonjwa. Wengi wana nta tu. Si wote.

"Mume wangu alibadilisha redio tatu," asimulia, akikunja waya kidoleni. "Kila moja aliiita mbovu, nami nikimcheka kwamba ana mkosi na redio. Tulipofika kwa daktari, miezi minane ilikuwa imepita. Sasa nikitaka kumnong'oneza jambo, sharti nizunguke kitanda."

Mwaka uliofuata aliajiriwa hapa, akaanza kuwageuzia wateja hedifoni.

Mwalimu wa kwaya, alipoambiwa kwamba kasoro ni ya sikio lake, hakuridhia upesi. "Sikio langu ndilo jembe langu, mama. Nafumba macho napambanua sauti thelathini."

"Ndiyo maana usingoje kesho. Lilianza lini?"

"Jumatatu. Nilidhani ni hizi."

"Leo Alhamisi. Nenda hospitali sasa hivi. Hedifoni zako hazina miguu, utazikuta."

Alikwenda akinung'unika. Daktari alimweleza kwamba neva ya sikio ilikuwa imepata hitilafu ya ghafla, na kwamba tiba yake haivumilii kucheleweshwa.

Wiki tatu baadaye alirudi kuchukua hedifoni zake. Usikivu umerejea zaidi ya nusu, ingawa sauti nyembamba bado humfikia kama zimefunikwa kitambaa. Alizivaa pale pale kaunta, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akasikiliza wimbo mzima hadi ukaisha. Nyuma yake walipanga foleni watu sita. Hakuna aliyemharakisha, wala aliyekohoa.

Mama Geuza, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili, amejiandikisha katika mafunzo ya jioni ya upimaji wa usikivu, yatakayochukua miezi kumi na minane. Meneja ameahidi kumwachia chumba kidogo cha nyuma, mahali pasipofika kelele za barabarani.

"Hedifoni mbovu nina stoo nzima ya kuzibadilishia," asema. "Sikio halina stoo. Nataka wanaokuja kwangu wawahi, kwa kuwa mume wangu hakuwahi."